Alama za Torleiv

Theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Ya nne, Oddrun akaona alama mpya za ski, zile mbao za kutelezea thelujini, zikitoka kwa jirani yake Torleiv, zikipanda mgongo wa mlima kuelekea Begani, ule mteremko unaoning'inia juu ya nyumba ya Oddrun mwenyewe. Hasira zikampanda.

"Huyo tena!" akamwambia mama yake, kikongwe asiyetoka kitandani.

"Mwache. Mlima hauna mwenyewe."

"Mlima hauna mwenyewe, mama, lakini nyumba ina watu!"

Miaka kumi na miwili nyuma, Torleiv aliteleza Begani siku kama hiyo. Theluji ikakatika nyuma yake, ikaporomoka hadi chini, ikafukia zizi la Oddrun na kondoo kumi na mmoja. Sheria haikumgusa; huku kila mtu yu huru kwenda apendako. Hata pole hakuitamka. Tangu hapo, Torleiv akimsalimu, Oddrun hujiuliza anataka nini.

Akafunga ski zake, akafuata alama. Leo ni leo, atamshika palepale.

Akamkuta kileleni, ukingoni, amesimama tu.

"Unangoja nini? Niondoke?" akauliza Oddrun.

"Nangoja wageni wanaokuja kuteleza, niwarudishe. Theluji ikiwa nzito huwa nakuja."

"Thubutu! Fisi kalinda bucha lini?"

"Naweza kushuka, Oddrun. Hakuna wa kunizuia, wala wa kuwazuia wao. Ndiyo maana nimesimama."

Oddrun hakumwamini. Akachungulia ng'ambo ya ukingo: theluji haikuwa na hata mkwaruzo. Kabla hajapata la kusema, mtu na mkewe, wageni, wakatokea wakihema.

"Njia ya kushukia ni hii?"

"Nani kawaambia?" akauliza Torleiv.

"Tumefuata alama. Tukajua kuna njia."

Akawageuza. Walipokwisha ondoka, Oddrun akamkazia macho. "Umesikia? Mdomo wako unawafukuza, miguu yako inawaita."

Torleiv akazitazama alama zake. "Wale kondoo," akasema. "Nisamehe."

Oddrun akamtanguliza kushuka kwa njia waliyopandia, asije akabaki huko juu peke yake.

Theluji nzito iliyofuata ilipoanguka, hapakuwa na alama hata moja mlimani. Torleiv alikuwa chini, langoni kwa Oddrun, wanapopita wapanda mlima, anawageuza watu hapohapo. Oddrun akamchunguza dirishani hadi saa tano, akampelekea kahawa, akabaki kando yake.

"Nangoja kikombe changu," alisema Oddrun.

Jioni ilipoingia bado alikuwa anakingoja, na kahawa ilikwisha tangu mchana.