Alama ya X kwenye Paji la Bibi Harusi

Kaka yangu wanamwita Usipepese. Miaka ishirini na nane amepiga picha za vitambulisho kwenye chumba chenye pazia la buluu na kigoda cha marehemu baba, kile chenye mguu wa kuungwa. Kila aliyekalia kigoda kile ameambiwa neno hilohilo: "Usipepese." Hata mkewe alimposa akiwa amekaa pale, na nasikia hakupepesa.

Jua la nje hakulizoea. Binti yake alipochumbiwa akataka picha ya kadi ipigwe uani, saa sita mchana, na gauni jeupe likatoka kama unga uliomwagika. Ndipo kaka akanunua kioo cheusi cha kufunga mbele ya kamera. Ni vioo viwili vilivyolaliana; ukizungusha ukingo wake, mwanga unapungua kama mtu anavuta pazia. Alifurahi, Mungu amsamehe, akazungusha mpaka mwisho, akapiga upya.

Mama mkubwa wa bwana harusi, aliyemlea kijana tangu utotoni na ambaye bila kauli yake harusi haiendi, akaja kuchagua picha. Akaiinamia skrini ya kamera.

"Hii nini?"

Katikati palikuwa na kivuli kilichokatana kama X, kimetua sawasawa kwenye paji la uso la binti yetu.

"Ni kioo, mkwe. Nimekizungusha kupita kiasi. Kikizidi kinaleta hiyo."

"Usinifanye mtoto. Nimesoma mpaka la saba. Hiyo ni alama ya kukosa. Haya mwanangu, umekosa nini?"

Binti akaangua kilio. Akakiri kwamba ndiye aliyevunja chupa ya chai ya mama mkubwa siku ile ya posa, akaifunika vizuri na kuirudisha kabatini.

"Ehee! Kumbe ni wewe! Harusi hakuna."

Kaka si mtu wa maneno mengi. Akatoa kigoda nje. "Kaa na wewe, mkwe. Usipepese."

Akapiga. X. Mama mkubwa akavua viatu. X. Akajifunga kitambaa chake cha kanisani. X, tena imenenepa. Jasho likamtoka.

"Basi nasema! Saa ya kanisani, mimi ndiye ninayeisogeza mbele dakika kumi ili mahubiri yaishe mapema. Miaka minne sasa!"

Kaka alishtuka, mkono ukateleza, ukingo ukarudi nyuma. Kwenye skrini, aliyokuwa amemgeuzia mkwe ajione, alama ikafifia mpaka ikaisha.

"Imefutika!"

"Mkwe, ni mimi nimerudisha..."

"Nyamaza, usimpunguzie Mungu sifa! Na binti naye si amekiri? Mpige upya."

Kioo sasa kikiwa kimezungushwa kiasi, uso wa binti ukatoka safi, na kamba ya kuanikia nguo nyuma yake imefifia kama moshi, kama kwenye kadi za watu wakubwa. Harusi ikaruhusiwa, kwa sharti moja la mama mkubwa: hakuna mgeni kupigwa picha kabla hajakiri.

Siku ya harusi foleni ikazunguka ukumbi. Kaka alimweleza kila mtu habari ya vioo viwili. Kila mtu akaitikia "sawa, sawa," kisha akakiri. Mshonaji akataja kitambaa alichobakiza. Mchungaji akakiri kwamba habari ya saa aliijua siku nyingi, ila naye alikuwa na njaa.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimeshakiona kidole gumba cha kaka kikisukuma ukingo wa kioo. Hata hivyo nikamnong'oneza: mguu wa kigoda cha baba, ule aliochapiwa yeye tukiwa wadogo, niliuvunja mimi.

"Najua," akasema. "Usipepese."