Hasi Mbili Mbele ya Mkaguzi

Nilikuwa darasa la saba huko Kerende, miaka ile dhahabu ilipokuwa inavuta kila mtu mashimoni. Siku moja mwalimu wa hisabati aliniita ubaoni nikokotoe mlinganyo. Nikahamishia tano upande wa pili, nikasahau kubadili alama. Akanipigisha magoti kipindi kizima.

"Mtazameni," akawaambia wenzangu. "Huyu ataponda mawe kama mama yake."

Mama alikuwa anaponda mawe ya dhahabu kweli, viganja vimejaa malengelenge. Darasa likacheka. Sikulia. Nilimwekea kinyongo.

Tangu hapo kila jioni nilikokotoa milinganyo kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Baada ya miezi miwili nikagundua kwamba mwalimu naye anakosea. Alikuwa na shimo lake la dhahabu, akifundisha mbio mbio ili awahi huko. Kila hasi ilipokaa mbele ya mabano, aliisahau akifika namba ya pili. Ningeweza kumfuata ofisini nimwambie kwa adabu. Nilinyamaza, nikamngoja mkaguzi wa shule, ambaye tulishaambiwa atakuja.

Mkaguzi, mama wa makamo, alikuja akaketi nyuma. Mwalimu akaandika 7 − 2(x − 3) = 5, akafungua mabano: 7 − 2x − 6 = 5. Nilimwacha afike mpaka x = −2 na kuipigia mstari. Ndipo nikanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, tukiweka hasi mbili mahali pa x, tunapata kumi na saba, siyo tano."

"Kaa chini!"

"Mwache aje," mkaguzi akasema.

Nilienda polepole makusudi. "Hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita," nikasema kwa sauti, nikaandika:

7 − 2x + 6 = 5
13 − 2x = 5
−2x = −8
x = 4

"Nne toa tatu ni moja. Mara mbili, mbili. Saba toa mbili, tano."

Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Mwalimu alikuwa anatokwa jasho hadi kwenye kola. Nikamtazama machoni, nikaona raha.

Baadaye alinifuata nje. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita, mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nyumbani nilimsimulia mama nikidhani atacheka. Akaacha kusonga ugali. "Ungemwambia mkiwa wawili, mwanangu."

Nilikula ugali wangu wote, nikaomba mwingine.