Nilivyokata mabomba matatu ya kinanda cha kanisa, Maganzo

Wakuu, mwangaluka.

Kosa langu la mwanzo kabisa kwenye kinanda cha mabomba lilikuwa kukikata kwa msumeno. Naeleza kama ilivyokuwa, hata panaponiaibisha.

Napiga kinanda kanisani kwetu Maganzo. Nimejifunza YouTube. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Sauti ikipotoka kidogo tu, sili vizuri.

Kinanda chenyewe ni kidogo. Wazee wanasema kilikuja na wazungu wa mgodini zamani. Kwa wasiokijua: mvukuto unajaza upepo kwenye sanduku la mbao, ukibonyeza kibao upepo unapanda kwenye bomba lake, nalo linalia. Bomba refu sauti nene, fupi sauti nyembamba.

Jumamosi moja alfajiri nikakipima kwa app ya simu inayopima sauti. Chote kilikuwa chini kidogo.

Nikaanza kufupisha mabomba matatu ya katikati mpaka app ikakubali, mengine nikayaacha kwa wiki ijayo. Nikajiona fundi.

Jumapili, misa ya pili, bati la paa limechemka kwa jua. Sikujua kwamba hewa ikipata joto sauti ya mabomba hupanda. Yale mengine yakapanda mpaka pale kwaya ilipozoea. Yangu matatu yakapitiliza. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

Hapo mjue kamati ya kanisa ilikuwa inatafuta sababu tu ya kukiuza chuma chakavu, wanunue cha umeme.

Baada ya misa mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote kimepatwa na nini. Ningesema uzee, wangeniamini, na kingeondoka wiki ileile. Nikasema nimekikata mimi.

Mama Kulwa, mwalimu wa kwaya, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Yaani umekitahiri, mwanangu? Bila kuuliza mtu?"

"Niliogopa mtajua kwamba sijui, mama."

"Tulikuwa tunajua."

Akamwambia mwenyekiti kitengenezwe kwanza, mambo ya kuuza baadaye. Kesho yake akanipeleka kwa fundi bati. Fundi akakunja pete tatu za bati, tukazivika juu ya mabomba mpaka urefu ukarudi. Kinanda kimebaki. Mimi nilisimamishwa misa ya pili kwa miezi mitatu, na ilikuwa haki.

Nilichojifunza: chombo kipime kwenye joto lile kinalofanyia kazi, na wanaokitumia wakiwepo.

Kama na wewe umewahi kuharibu kitu cha watu ukikinyoosha, tuambie ulikirudishaje.

Siku hizi sigusi bomba kabla sijamuuliza Mama Kulwa.