Taya la Dijei Liberatus

Ubao uliovunja taya la Liberatus ulitoka kwenye benchi langu. Nalisema mapema ili asije akatokea mtu wa kuniambia habari hii hainihusu. Mimi naitwa Siwema, hapa Mwanjelwa, Mbeya, wananijua kwa jina la Mama Nusrat, na kile kibanda umiza nyuma ya maduka ya mitumba ni changu tangu marehemu mume wangu alipotangulia. Mpira tunaonyesha, ndondi tunaonyesha, na Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, tulikuwa tunaonyesha Zohali.

Jina lake kamili ni Wafungwa wa Zohali. Sinema tatu za zamani za wazungu. Watu wanapelekwa kuchimba madini kwenye sayari huko juu, wanagoma, wanapigana na majeshi ya chuma. Vichwa vinaruka, damu inaelea hewani, basi ndiyo raha yake. Lakini watu hawakuja kwangu kwa ajili ya sayari, wala kwa ajili ya steringi, yule shujaa wa sinema. Walikuja kwa ajili ya Mjomba.

Mjomba ni roboti. Bovu bovu, mguu mmoja anauburuta, na anamfuata steringi kila anakokwenda. Kabla ya kila vita anamgeukia na kumuuliza, “Mwanangu, umekula lakini?” Na ukumbi mzima unaitikia, “Bado, Mjomba!” Akishaua adui anasema, “Samahani bwana, ila na wewe umezidi.” Sokoni watu wanatukanana kwa maneno ya Mjomba na wanabembelezana kwa maneno ya Mjomba. Nimeshasikia bibi harusi ameulizwa na mumewe mbele ya kadamnasi kama amekula, watu wakaanguka kwa vicheko.

Sauti hiyo ilikuwa ya Liberatus, dijei wetu. Anakaa kwenye stuli pembeni ya tivii, maiki mkononi, sauti ya wazungu tumeipunguza, naye anatafsiri papo hapo. Miaka kumi na minne. Mkimya yule mtu! Nje ya maiki unaweza kukaa naye asubuhi nzima usiambulie maneno kumi. Kwao Kihesa, Iringa, Mhehe wa kwelikweli. Ukimsalimia kwa Kihehe “Kamwene” anatabasamu mpaka unaona fizi. Hakuoa. Anafua nguo zake mwenyewe na kuzipiga pasi, na akija kutafsiri anavaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote. Nikimwambia, “Libe, hawa ni makuli tu, nani anatazama shati lako?” ananijibu, “Mimi najitazama.”

Sasa mwaka huu wazungu wakaitoa Zohali nyingine. Mimi nilidhani ni sehemu ya nne. Binti yangu Nusrat akaniambia, “Hapana Mama, wameanza upya. Hesabu zile za zamani kama hazikutokea.”

“Hazikutokea vipi na mimi nimeziona?”

“Ndiyo hivyo. Watu wapya, hadithi mpya, roboti mpya.”

Mwanjelwa ikagawanyika. Vijana wenye simu kubwa walikuwa wameshaona vipande, wanasema picha kali, zile za zamani roboti unaona kabisa ni ndoo zimepakwa rangi. Wengine wakawa wakali: zile ndoo ndizo tumekua nazo, waacheni. Frida muuza ndizi alifurahi kwamba steringi safari hii ni mwanamke, “na yeye akaue, mbona sisi tunachinja kuku kila siku.” Obeid, kuli wa viazi, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Alikuwa anataka kuiona na hataki kuiona. Anakuja kuniuliza itaanza lini, halafu anasema wamwache Mjomba apumzike, halafu anauliza tena itaanza lini. Obeid alianza kuingia kibandani kwangu ana miaka kumi, mgongo umechanwa kwa fimbo na baba yake mlevi. Aliwahi kuniambia kwamba katika dunia hii mtu wa kwanza kumuuliza kama amekula ni Mjomba. Alikuwa hatanii.

Flashi yenye hiyo sinema mpya ilinifikia Alhamisi. Tulifunga mlango tukaitazama watatu: mimi, Nusrat na Liberatus. Nusrat, aliyesoma, ndiye alikuwa anatueleza. Roboti mpya mrembo, anang'aa, anatembea vizuri kama mtu. Na anaongea. Karibu na mwisho steringi amechoka, ameegemea bega lake. Roboti anamshika shingo. Anaikaba polepole, macho yanamtoka yule dada, miguu inapiga sakafu, na roboti anamweleza kwa upole kabisa kwamba tangu mwanzo yeye ni wa upande wa pili. Kisha shingo inavunjika. Toba! Ule mlio niliusikia mpaka kwenye meno.

Liberatus akaichomoa flashi. Akasema, “Mama Nusrat, hii siifanyi.”

“Huifanyi kwa nini?”

“Siwezi kumfanya Mjomba aue mtoto wake.”

Ndipo akanieleza. Baba yake alikufa yeye bado mdogo, akalelewa na mjomba wake, mzee Kalinga, aliyekuwa akifanya kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Mzee alipostaafu akapofuka, presha ya macho. Liberatus akawa anampeleka kwenye banda la video pale Kihesa na kumsimulia sikioni kinachoonekana. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutafsiri, maana Kiingereza chenyewe shuleni alipata F. Mzee naye alikuwa hawezi kukaa kimya: steringi akienda vitani yeye anauliza kama kala, adui akifa anamwomba radhi. Mzee alipokufa, Liberatus akaja Mbeya, akayatia maneno yote yale kwenye mdomo wa roboti.

“Roboti wa zamani hasemi kitu,” akaniambia. “Analia tu kimashine. Mimi ndiye nilimpa maneno.”

Nusrat akacheka. “Mama, kumbe hukujua?”

Sikujua. Miaka kumi na minne, mimi mwenye kibanda, sikujua! Nilikasirika kwanza, halafu nikaona aibu kukasirika. Liberatus akanisihi: tumpe roboti mpya jina jingine na sauti nyingine, tuwaambie watu kwamba huyu siye Mjomba. Lilikuwa jambo dogo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, herufi kubwa: MJOMBA AMERUDI JUMAPILI. Na watu walishaniambia wanatoka mpaka Uyole. Nikamwambia, “Tunga kama kawaida yako. Miaka yote umetunga, leo ndiyo utashindwa?” Hakunijibu. Nilichukua ukimya wake kuwa ndiyo, kwa sababu ilinifaa.

Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri, ingawa Liberatus alikuwa anatafsiri kama mtu anayesoma risiti. Roboti mpya alipotokea, ukumbi ukalipuka: “Mjombaaa!” Akampa sauti nyembamba, ya ajabu. Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele, “Dijei, umeugua?” Vijana wa nyuma wakasema acheni bwana, hii ndiyo sinema, zile zenu za ndoo. Muuza viatu mmoja akageuka akampiga kichwa kijana aliyesema hivyo, pua ikachuruzika damu kwenye fulana nyeupe. Niliwatenganisha kwa fimbo ya pazia. Nilimchapa kila mmoja mbili, na wakakaa.

Halafu ikafika ile sehemu. Steringi akaegemea bega. Mkono wa chuma ukaenda shingoni.

Liberatus akazima maiki.

Kwenye tivii yule dada anakabwa, miguu inapiga sakafu, roboti anaongea Kizungu chake kwa upole, na sisi hatuelewi. “Anasema nini?” Obeid akauliza. “Dijei, Mjomba anasema nini?” Shingo ikavunjika. Watu mia wakapiga ukelele kwa pamoja.

“Huyo siye Mjomba!” Obeid akasimama. “Dijei, sema siye yeye!”

Angesema tu. Hata mimi nilikuwa naomba aseme. Lakini kijana Shamsudin, mwanafunzi wa chuo, mdomo wake haukai, akapanda juu ya benchi na simu yake. “Mnalia nini? Hakuna cha Mjomba! Lile roboti la zamani halikuwahi kusema hata neno moja, sikilizeni wenyewe! Huyu mzee amekuwa anawadanganya!”

Obeid alimfikia kwa hatua tatu, akikanyaga watu. Alimshusha kwa kumvuta mguu, kisogo kikagonga sakafu, akamkalia kifuani na kuanza kumpiga ngumi za uso. Sijawahi kusikia ngumi zenye mlio ule, wallahi, mlio wa mtu anayepiga nguo iliyoloa. Jicho moja likafunga, la pili likafunga. Marafiki wa Shamsudin wakamrukia Obeid. Mmoja akamvunjia chupa ya soda begani, kipande kikabaki kwenye nyama. Muuza viatu naye akapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Mabenchi yakavunjwa. Nilimwona Frida, mtu mzima, mwanakwaya, amemshika kijana masikio yote mawili na anamgongesha kwenye nguzo. Kila mtu alikuwa anapigania sinema yake. Mimi nilirusha ndoo ya maji, kisha ndoo yenyewe.

Liberatus akaingia katikati. Mtu asiyewahi kugombana hata na inzi! Alimshika Obeid mkono uliokuwa juu, akamvuta kutoka kwa yule mtoto. Akamwambia, “Mwache. Amesema kweli.”

Obeid akasimama, anahema, damu inamtiririka begani. “Kweli gani?”

“Nilikuwa natunga, Obeid. Roboti haongei. Yale maneno ni yangu.”

“Yote?”

“Yote.”

“Hata lile la kuniuliza...”

“Hata hilo.”

Obeid aliinama kana kwamba anatafuta kitu kilichomwanguka. Akainuka na ubao wa benchi. Nilipiga kelele jina lake, naye alinisikia, alinitazama kabisa, halafu akapiga. Ubao ulimpata Liberatus upande wa kushoto wa uso. Taya likahama pale pale nikiliona. Alianguka juu ya stuli yake, mdomo wazi, meno matatu kwenye shati, vifungo vyote vimefungwa. Alikuwa ameuma ulimi karibu kuukata. Watu wakaacha kupigana bila kuambiwa.

Hospitalini walimfunga taya kwa waya na kuushona ulimi. Daktari akaniita pembeni: kula atakula, kuongea ataongea kidogo, lakini asitegemee sauti ile. Polisi walikuja kumuuliza nani alimpiga. Akaandika kwenye karatasi kwamba aliteleza. Niliisoma ile karatasi nikatoka nje nikalia kwa hasira, maana nilitaka na mimi niandikwe humo kama mkosaji. Dada yake, Veneranda, akaja kumchukua kumrudisha Kihesa. Alinishukuru kwa kumtunza kaka yake. Nilitamani anitukane.

Mwezi ukapita. Shamsudin alipona, ana kovu kwenye nyusi na adabu kidogo. Nilipofungua tena, watu wakaanza kunisumbua: mama, rudisha Zohali yetu, ile mpya waachie wenyewe wazungu. Nikawauliza nani atatafsiri. Wakasema hakuna haja, tunaijua yote kwa kichwa, weka tu. Walioipenda mpya nao wakaja, kimya kimya, wakakaa nyuma. Obeid akaja, bega limefungwa bandeji. Hakuna aliyemzuia. Mimi mwenyewe nilimwacha apite, mpaka leo sijui kwa nini.

Nikaweka. Nikaongeza sauti ya wazungu, mara ya kwanza tangu kibanda kijengwe.

Roboti akatokea, anaburuta mguu. Watu wakashangilia. Kisha wakanyamaza wasikie.

Tii, akasema. Tii-tii.

Tulisubiri. Steringi akamwambia kitu kirefu, na roboti akamjibu: tii. Kile chuma hakikuwa na huruma wala ubaya. Mtu mmoja akajaribu kucheka, akaacha. Frida akafunga kitenge chake vizuri, akatoka, na wengine wakaanza kutoka nyuma yake mmoja mmoja, wa sinema mpya na wa zile za zamani, hakuna aliyebishana na mwenzake. Sikuizima. Iliendelea kulia vile mpaka ukumbi ukabaki na mimi na Obeid.

Alikuwa anatazama tivii kwa makini, shingo mbele, bado anasubiri. Halafu akageuka, akatazama ile stuli tupu.

“Mama Nusrat,” akasema, “kumbe nilikuwa nampenda yeye.”

Nilimfuata pale alipokaa nikamzaba kibao kwa nguvu zangu zote. Kofi la mwanamke anayebeba magunia yake mwenyewe, si mchezo. Hakujikinga. Mdomo ulichanika, akauacha uvuje.

“Niongeze,” akasema.

Nikamwongeza.