Tumbaku ya Kichefuchefu

Wiki iliyopita, kliniki ya wajawazito kule Masasi, nesi aliniuliza kama navuta sigara. Nikasema sivuti. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo asubuhi nzima, kwamba tumbaku inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na huenda ni moja ya sababu za mdomo sungura. Zipo na nyingine, alisema. Nikaitikia kwa kichwa, nikapanda gari la Newala. Njia nzima sikuhisi kitu.

Nilikuwa nimemkumbuka bibi. Kwetu Mnyambe, huko Newala, wanawake wa rika lake walivuta tumbaku wakiwa wameweka upande wa moto ndani ya mdomo. Upepo hauuzimi, na mikono inabaki huru. Bibi alitwanga, akabangua korosho, moshi ukimtoka puani. Harufu ile, pamoja na ya korosho zinazochomwa, ndiyo utoto wangu. Naipenda mpaka leo.

Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, alitapika hata maji. Bibi akamsokotea tumbaku. "Vuta, mwanangu, kichefuchefu kitakwisha." Kikaisha kweli. Mama akala ugali wa muhogo na kisamvu, sote tukafurahi.

Mdogo wangu alizaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Hakuweza kunyonya. Bibi alimnywesha kwa kijiko, maziwa yakarudi kwa pua. Hakuufikia msimu wa korosho. Jirani akasema mama alikula nyama ya sungura akiwa mjamzito, na ni kweli aliila. Kijiji kizima kikashika hilo, bibi naye akalishika.

Niliporudi kutoka kliniki nilimkuta mama uani anachambua kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje huko?"

Nikamweleza. Mikono yake haikusimama.

"Mimi nilihisi siku ileile aliyozaliwa," alisema. "Sikuvuta tena."

"Sasa mbona uliwaacha waseme sungura?"

"Aliyenipa tumbaku ni mama yangu. Ungetaka nimwambie?"

Nilikaa nikamsaidia kunde, vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Siku hizi sioni tena anayevuta moto ndani. Kopo la tumbaku la bibi tunawekea chumvi. Nakumbuka kila baba alipoleta sungura, mama alisukuma bakuli kando bibi akimwona, bibi akatikisa kichwa kumsikitikia. Bibi alikufa akimlaumu sungura. Mama hajaila tena nyama hiyo mpaka leo.