Gari Lisilorudi Nyuma

Jumapili iliyopita nilibadilisha kichwa cha gia cha kigari changu, hapa hapa uani, kanga kiunoni. Kile cha zamani kilikuwa kimechunika, kinanata mkononi kama andazi lililomwagiwa sukari. Nilikizungusha kikatoka, nikazungusha kipya kikaingia, kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Nikabaki nimekaa garini, mlango wazi, nacheka peke yangu. Mwanangu akachungulia: "Mama, vipi tena?" Nikamwambia nimemkumbuka babu yake. Akaitikia "haya," akarudi kwenye simu. Basi wewe, ambaye umri wetu haupishani sana, sogea nikuhadithie. Nikikosea mahali nivumilie, nilikuwa mdogo, na kaka yangu anayo namna yake ya kuisimulia ambayo nayo si ya uongo.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, ndani kidogo ukitoka barabara ya Kilwa, kwenye uchochoro ambao gari likiingia kuku wanapanda vibarazani. Asubuhi ukiamka unasikia fagio za uani, redio ya jirani, na mafuta ya bibi yakichemka. Bibi alikuwaga anapika vitumbua, harufu ya iliki inaingia mpaka ndani ya chandarua. Na palikuwa na gari moja tu uchochoro mzima, la baba. Nasema la baba, lakini kusema haki lilikuwa la wote. Mgonjwa anapelekwa hospitali nalo, gunia la mkaa linabebwa nalo, na likikataa kuwaka wanalisukuma watu ambao hata hawakuitwa.

Gia yake ilikuwa na kichwa cha plastiki cheusi, na chini ya kichwa hicho kipete. Ukitaka rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma, lazima uvute kipete juu kwanza. Usipokivuta, haiingii hata uibembeleze.

Siku ninayoisema, binti wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa anaolewa. Mama yake, mwanamke mwenye sauti na mwenye mikono ya kutoa, alishawatangazia wakwe kwamba mwanawe hatafuatwa na gari la watu. Ataondoka kwao na gari la kwao. Hapo alikuwa na maana ya gari letu. Baba alikubali kwa furaha, na asubuhi ile akalitoa nje kuliosha. Katika kusugua huku na huku, kile kichwa cha gia, ambacho jua lilikuwa limekila miaka mingi, kikapasuka mkononi mwake. Kipete nacho kikakatika vipande viwili.

Baba alivitazama vile vipande kama mtu aliyevunja sahani ya mwenye nyumba. Ukiendesha na chuma kitupu, zile reza za juu, meno ya kukazia kichwa, zinakukata kiganja. Na madukani huko mjini, mpaka uende, upate kinacholingana, urudi, mtu keshaolewa.

Bibi ndiye aliyepata dawa. Kitanda chake kilikuwa cha zamani, cha miguu ya kuchonga, na kila mguu juu una kirungu cha mbao, mviringo, laini kwa kushikwashikwa. Akaingia chumbani, tukasikia mbao ikilia ko, akatoka na kirungu mkononi.

"Mama, kitanda!" baba akasema.

"Kitanda kitakuwa na kipara upande mmoja. Na wewe unacho kipara, mbona mke ulipata?"

Tulicheka mpaka baba naye akacheka, akajishika kichwani.

Sasa, kirungu hakina tundu. Baba akatafuta kipande cha nondo chembamba, akakichomeka kwenye jiko la vitumbua. Hapo bibi alikuwa mkali kweli. "Utaniletea harufu ya chuma kwenye vitumbua vya harusi wewe!" Lakini akampisha. Nondo ikawa nyekundu, baba akaisukuma kwenye mbao, moshi ukatoka wenye harufu tamu kama ya ubani. Akachoma, akapoza, akachoma. Mie nilipewa kazi ya kukata mpira wa tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akavizungushia kwenye zile reza, kisha akakigandamiza kirungu na kukizungusha kwa nguvu zake zote mpaka kikakaa. Kilipendeza, ndugu yangu. Kahawia, kinang'aa. Kaka yangu akaingia, akajaribu gia ya kwanza, ya pili, akapiga kelele, "Leo tunaendesha kitanda!"

Halafu akajaribu rivasi. Baba naye akajaribu. Bila kipete, rivasi haikuwepo tena duniani.

Baba akatuita karibu. "Jirani asijue. Ataingiwa na hofu siku ya mwanawe. Kwenda mbele linakwenda, na leo safari yetu ni ya mbele." Kaka yangu anadai ni yeye aliyesema maneno hayo ya mwisho. Inawezekana.

Ila muda ulikuwa umekwenda. Wakwe wakaona bibi harusi hatokei, na huko kwao wakaanza kunung'unika. Sisi tukampakia. Alikaa nyuma amefunikwa, ananukia udi, somo wake aliyemfunda yuko pembeni, mie mbele nimepakata sinia la vitumbua. Kwetu mama wa bibi harusi haendi kwa wakwe, anasindikiza tu. Basi jirani akatangulia mbele ya gari na wanawake wenzake, vigelegele, matari, tunakwenda mwendo wa kobe.

Katikati ya uchochoro, uso kwa uso, likaingia gari la upande wa bwana harusi. Shangazi zake walikuwa wamechoka kusubiri, wamekuja kumchukua wenyewe. Jipya, limefungwa maua, dereva kavaa suti.

"Mzee shikamoo," dereva akasema kwa adabu, nisimsingizie. "Naomba urudi nyuma kidogo tupate pa kugeuzia, ama tumhamishie bibi harusi huku."

"Marahaba," baba akajibu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Akaniinamia, akanong'ona, "Mwanangu, tumekwisha."

Unaelewa kilichokuwa pale? Akisema hana rivasi, bibi harusi anashuka, anapanda gari la watu, na jirani yetu anabaki na maneno yake mdomoni mbele ya wakwe na mtaa mzima.

Ghafla jirani akageuka, akaweka mkono kiunoni. "Arudi nyuma nani? Tangu lini bibi harusi wa Mtoni akarudishwa nyuma? Mnataka mwanangu arudi kwetu kesho?"

Mie mwiko huo nilikuwa sijawahi kuusikia. Lakini wanawake wote wakaudaka saa ile ile, na wimbo ukapatikana papo hapo: "Harudi, harudi nyuma! Mwana wetu harudi!" Matari yakakolea. Shangazi mmoja wa bwana harusi akajaribu kubisha, "Haya mambo gani jamani, ni hatua mbili tu," lakini mwenzake alishaanza kucheza. Dereva wa watu akarudisha gari lake taratibu, kona zote, mpaka barabarani, sisi tukimfuata kifua mbele. Baba alipiga honi njia nzima. Sijawahi kumwona tena amefurahi vile.

Tangu siku hiyo mtaa ule bibi harusi harudi nyuma. Nimeshuhudia malori ya mchanga yakisubiri.

Leo uchochoro wenyewe haupo, nyumba zimejengewa kuta na mageti, na harusi zinatokea saluni kwenda ukumbini. Bibi hayupo, baba hayupo. Watoto wa pale sidhani kama wanajua kilio cha nyumba ya pili ni cha nini. Labda nazeeka tu na kulaumu, kwa sababu nao wana raha zao.

Jirani ndiye aliyebaki, anaishi kwa binti yake huyo huyo, Kiwalani. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali, nikamsimulia ile siri ya rivasi, nikidhani namletea jipya. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bibi yako aliniambia ukutani, kabla hata moshi haujaisha. Akasema, 'Gari la mwanangu halirudi nyuma, sasa wewe fanya unavyojua, ila yeye asijue kama unajua.' Ule mwiko niliutunga njiani, natembea."

Akanifuta machozi na ncha ya kanga yake, kama mtoto.

"Baba yako," akaniuliza, "alikuja kujua?"

"Hapana, mama. Mpaka anakufa alikuwa anaamini ni bahati."

"Vizuri," akasema. "Mwache nayo."