Si Saratani, Nilisema

Nilipomaliza mafunzo ya patholojia hapa Toronto, nilikuwa nimeshachoka kueleza kazi yangu. Kanisani walidhani nitashinda na maiti. "Hapana," nilikuwa nawaambia, "ukikatwa kipande cha nyama hospitali kikapelekwa maabara, mimi ndiye ninayekitazama kwa hadubini na kusema ni ugonjwa gani." Wakaitikia kwa vichwa, na bado wakanihurumia.

Kazi haikuja upesi. Hospitali nyingine zilitaka mwenye uzoefu, nyingine hazikujibu kabisa. Nilimwambia mume wangu kwamba pengine tuhame Pickering, kitongoji tulichokuwa tukiishi, twende huko kaskazini ya mbali ambako madaktari ni wachache.

"Twende popote," alisema, "mradi usirudi tena darasani."

Kisha hospitali moja ya hapa hapa mjini ikaniita kwenye usaili. Maswali yalikuwa ya kawaida, mpaka mkuu wa idara, mzee mwenye sauti ya chini, aliponikalisha kwenye hadubini ambayo watu wawili hutazama pamoja. Akaweka slaidi, kioo chenye utando mwembamba wa nyama.

"Titi la mama mmoja, bado kijana. Unaona nini?"

Kwa haraka ilionekana saratani: vitezi vimesongamana, vimeminywa ovyo ndani ya kovu. Nikakuza zaidi, nikajituliza, nikatazama kitezi kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa bado kimezungukwa na safu nyembamba ya seli za nje, ile ambayo saratani huivunja.

"Si saratani," nilisema.

"Wenzako waliokutangulia kwenye usaili huu wamesema ni saratani."

Nikainama tena, si kwa ajili ya maneno yake, bali kwa ajili ya yule mama nisiyemjua.

"Si saratani, daktari. Ningeagiza rangi maalumu ya kuithibitisha safu hii kabla sijatia saini. Lakini kwa ninachokiona, huyu mama asikatwe titi."

Akazima taa ya hadubini. "Rangi iliagizwa," alisema taratibu. "Titi lake analo hadi leo."

Simu ilikuja wiki iliyofuata, nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani. Nilisikiliza, nikashukuru, nikakata. Treni ile watu hukaa kimya, nami nilijitahidi kujizuia, lakini likanitoka: "Mungu wangu, nimepata kazi!"

Mzee wa Kihindi aliyekaa mbele yangu akashusha gazeti. "Hongera, binti. Kazi gani?"

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu.

"Shikamoo, mzee. Udaktari."

"Marahaba, marahaba!" Akaniambia alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa kijana. Halafu akamgeukia abiria wa pembeni, na wa nyuma yake, akiwatangazia kwa Kiingereza: "Huyu ni daktari. Ametoka kwetu."

Watu wasionijua wakanipigia makofi. Sikuona aibu hata kidogo. Nilikaa wima, nikayapokea yote.

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika ripoti, nikangoja, kwa mazoea ya mafunzoni, mkubwa wangu aje kuipitia. Hakuna aliyekuja. Nikaisoma upya, nikatia saini, jina langu likiwa peke yake pale chini, kisha nikavuta trei nyingine ya slaidi.